Salamu za Mzee Malale

...na kidole chake bado kiko juu, ngoja kwanza Kabula, ndicho kinachosema, simu iko sikioni, "ndiyo mkuu, ndiyo, tunalishughulikia," na akimaliza tu ataniuliza tena mzee kasemaje, maana Wakili Makarius hajui Kisukuma hata cha kuombea maji, anayekijua ofisi nzima ni mimi, mwanafunzi wa field, mtu wa bure, Kabula lete faili, Kabula kadurufu, Kabula njoo utafsiri... na mzee Malale huyu hapa kwenye kiti cha wageni, kofia gotini, ananitabasamia, mtu aliyeishtaki halmashauri kwa sababu ya shamba lake la Sibwesa, anadai alilima pale kabla mawe ya mpaka wa msitu hayajawekwa, na Makarius ndiye anayeitetea halmashauri, leo wamemwita waone kama wataelewana nje ya mahakama, kaja peke yake, bila wakili, hana hata wa kumshika mkono, na mimi nikafanya nini? Nikapiga goti! Na sketi nyeusi, na viatu vya ofisini, goti mpaka sakafuni, mwangaluka babu, kwa sababu mama angenisikia mpaka Kibaoni kama ningemsalimia mzee wa watu nimesimama, mhola, salama, nyumbani mhola, ng'ombe je, mvua je, wewe binti wa nani, wa Manyanda, Manyanda yupi, yule aliyehama na mifugo yake, ehee, na salamu zetu ndivyo zilivyo, haziishi mpaka kila mtu aseme alitokea wapi na alifikaje, basi mzee akaingia na yake, akacheka kabisa, eti siku wanafika Sibwesa ndama walikuwa hoi, hakuna hata mti wa karibu, wakawafunga kwenye yale mawe ya mpaka... Mawe! Yalikuwepo! Kesi nzima kaimwaga kwenye salamu, na Makarius kaniona nimeshtuka, si mjinga yule, "Hapo kasemaje?", ndipo simu ikalia, asante Mungu na aliyepiga...

"Hapana mkuu, wiki hii hii..." Sema taratibu, bosi, zungumza, nani kakukimbiza. Nikimwambia, imekwisha, atanipenda, ataniita kifaa, na akiulizwa nani abaki hapa nikimaliza chuo atanitaja mimi, alishasema, "wewe komaa tu Kabula, nafasi zikitoka nitakukumbuka," na mimi nikakomaa, kwa mguu kutoka Ilembo kila asubuhi, mchana wenzangu wanaenda kula mimi nasema nimefunga, mpaka akanitania, "we binti unafunga kila siku, unaenda utawa?", nikacheka, kumbe njaa inanikata, na shangazi Capitoline jioni ananiambia mtumikie kafiri upate mradi wako... sawa shangazi, lakini mradi wenyewe ndiyo huyu mzee? Na uongo kasema, siwezi kumtetea, mawe aliyakuta, kama baba yangu alivyokuta mashamba ya Wapimbwe, wenyeji wa kule, akaomba pa kulishia, akapewa, miaka ikapita tukasema petu, mbona mimi nasemaga kwetu Kibaoni bila aibu? Sheria ni sheria, mwalimu wetu alisema hivyo na miwani yake, ushahidi ni ushahidi... ila hakuniambia mimi wakili, aliniambia mtoto aliyepiga goti, na goti lile lilikuwa la kweli, sikumtega, haki ya Mungu sikumtega, lakini ni nini kama siyo mtego? Nikajifariji, hawanilipi, basi hakuna aliyeninunua. Uongo huo, Kabula. Umenunuliwa kwa neno "nitakukumbuka," bei ya chini kuliko watu wote humu ndani, mfagizi ana mshahara, wewe una ahadi, na kwa ahadi hiyo ungemtoa mzee wa watu na nyumba yake na watoto wake, na hasira ninayoisikia sasa hivi sijui ni ya bosi au ni yangu mwenyewe...

"...sawasawa mkuu, na ile ya pili..." Bado, bado anaongea, na mzee ananisogelea, ananinong'oneza kwa Kisukuma, "Huyu bwana atatusaidia?" Atatusaidia. Atatu-. Mungu wangu, huyu mzee hajui yuko wapi. Ameona bendera, ameona meza, ameona mtoto wa kwao, akajua amefika. Bosi hatasikia kitu, hata akisikia hataelewa, nasema, "Babu, unajua hapa ni kwa nani?" na yeye ananishangaa, anacheka na mapengo yake, "Si kwako hapa, mwanangu?"

Kidole cha bosi bado kiko juu.

"Hapana babu," nasema, "hapa si kwangu. Hapa ni kwa hao uliowashtaki. Mwambie huyu bwana utarudi na wakili, hilo nitamtafsiria, halafu usiniambie tena neno lolote."