Kikombe chenye Doa Jekundu

Aliyembishia hodi fundi cherehani jioni ile alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na nyuma ya wifi alikuwa binti wa wifi huyo, amekonda kama uzi. Fundi akasimamisha mashine, akawakaribisha, akamwekea binti mto mgongoni. Mtoto hana kosa.

Wifi alianzia mbali, kama wafanyavyo wenye shida. Mwishowe akalitoa: binti anaharisha damu, tumbo linamkata, na kila waendako wanapewa dawa za minyoo. Alitaka aonyeshwe yule daktari aliyemtibu fundi.

Fundi alisikiliza huku moyo ukimchemka. Alipougua yeye ugonjwa kama huo, daktari alimweleza kwamba askari wa damu yake, wanaoitwa kingamwili, badala ya kupigana na vijidudu wameugeukia utumbo wake mwenyewe. Hauambukizi, alisema. Wifi hakutaka kusikia. Alitangaza kwamba ni laana ya ulafi, akakitia kikombe cha fundi doa la rangi nyekundu ya kucha ili mtu mwingine asikiguse. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekinywea, kila asubuhi, mpaka Mungu alipomchukua.

Fundi akaingia jikoni, akarudi na kikombe kilekile, chai imejaa pomoni.

"Kunywa, wifi."

Wifi akaliona doa. Akaurudisha mkono. Binti, kwa kiu aliyokuwa nayo, akaunyosha wake, mama akamdaka.

"Mwache anywe," fundi akasema polepole. "Au na chake utakipaka rangi? Niambie, kichupa kipo ndani."

Binti akamtazama mama yake. Hapo ndipo wifi alipokinyanyua. Alikunywa akilia, chai ikimchuruzika kifuani, na fundi hakumpa kitambaa. Alingoja mpaka tone la mwisho lilipomshuka kooni. Kisasi kilikuwa kitamu, wala fundi hakujidanganya kwamba si kitamu.

Kisha akampigia daktari simu, akapata nafasi ya asubuhi.

"Nitampeleka mimi," alisema. "Wewe utakaa nje ya mlango wa daktari, uonje na wewe kutengwa. Mtoto nimempokea, atalala hapa. Wewe bado."

Wifi akainamisha kichwa, akaondoka peke yake.

Fundi akamtandikia binti karibu na choo, akamwambia asione haya kuamka, hata iwe mara ngapi. Taa ya ukumbini akaiacha ikiwaka.