Sita Walioitwa Zamu

Tangu aanze darasa la kwanza, Zamu hakupata kupumzika. Mwalimu akiuliza, "Leo ni zamu ya nani kufuta ubao?" darasa zima hujibu kwa pamoja, "Ya Zamu!" na kweli hufuta yeye. Kuchota maji, yeye. Kufagia, yeye. Hata alipokuwa mtu mzima, akienda kwa kinyozi, wenzake kwenye benchi walimwambia asubiri zamu yake, kisha wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndiyo maana alipojifunza kutengeneza majokofu na kufungua kibanda chake, aliandika kwenye bango "Fundi Baridi", na mtaa ukamjua hivyo. Wateja wake wengi hawakujua kama ana jina jingine, naye hakuona haja ya kuwaambia.

Mkewe alipofikisha mimba ya miezi minane, jambo hilo la jina likaanza kumsumbua. Mtoto angebeba jina la baba yake.

"Nimefuta ubao miaka saba," alimwambia mkewe siku moja wakikunja nguo ndogo za mtoto. "Mwanangu hatafuta kwa ajili yangu. Naenda kulibadili."

"Kwani maana yake nini hasa?"

"Zamu ni zamu. Mtu yuko kwenye foleni."

"Hiyo najua. Nauliza kwa nini walikupa."

Kila Zamu alipomuuliza mama yake hilo, mama alisema, "Baba yako alilipenda tu," kisha akainuka kwenda kutazama sufuria jikoni, hata siku ambazo jiko lilikuwa limezimwa. Baba mwenyewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Jumatatu asubuhi Fundi Baridi akaacha kibanda kimefungwa, akaenda kwenye ofisi ya kuandikisha vizazi. Dirisha la huduma lilikuwa chini mno, kila mwenye shida alilazimika kuinama kama anayetafuta sarafu iliyoanguka. Nyuma ya kioo alikaa karani wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba.

"Sababu ya kubadili jina?"

"Silipendi, mama."

"Andika hivyo nikurudishie fomu sasa hivi. Mimi langu silitaki kabisa, na ninalo mwaka wa hamsini na mbili huu." Akavaa miwani, akaanza kubonyeza kompyuta. Akasita. Akabonyeza tena. "Haya, makubwa. Nimekaa kiti hiki miaka kumi na tisa, jina hili sijawahi kuliandika. Mko sita."

"Sita mtaani?"

"Sita kwenye rejesta nzima! Na ngoja nikwambie, wewe ndiye wa kwanza kuandikishwa. Wawili wamezaliwa mwezi mmoja na wewe, hospitali hiyo hiyo. Watatu wamefuata ndani ya miaka minne. Kabla yako hakuna, na baada ya hao, kimya."

"Kwa nini iwe hivyo?"

"Mimi karani, baba, si mpiga ramli. Kamuulize aliyekuzaa. Na sahihi yake naitaka hapa chini."

Mama yake alikuwa akipiga pasi chumbani kwake. Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kumweleza yote aliyoambiwa na karani, fomu iko mkononi. Alipofika kwenye wale sita, mama alisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akaketi kando yake.

"Sita?" akauliza kwa sauti ndogo. "Sikujua kama na wenzangu..."

Safari hii hakwenda jikoni.

"Nilipokuzaa, akili yangu iliondoka," akasema. "Haikuwa homa. Wakikuleta mikononi nauliza, huyu mtoto wa nani? Siku moja nilikulaza sakafuni, nikaenda zangu mpaka getini. Walinzi ndio walionirudisha. Baada ya hapo muuguzi mkuu hakukuacha tena na mimi.

"Wodi ile kulikuwa na kina mama watano waliozaa watoto njiti, wasiotimiza miezi. Walikuwa hawaruhusiwi kutoka mpaka watoto waongezeke uzito. Muuguzi akachukua karatasi, akaipiga mistari, juu akaandika ZAMU kwa wino mwekundu. Alfajiri fulani, asubuhi fulani, mchana fulani. Wakakunyonyesha hivyo siku ishirini na tatu. Zile za mwanzo sizikumbuki kabisa, nilihadithiwa. Ninachokumbuka ni asubuhi moja nimefungua macho, namwona mwanamke amekupakata wewe mkono huu, na huu wa pili amembeba wake, kadogo kama kiganja. Nikamwambia, dada, huyo ni wangu. Wodi nzima ikapiga vigelegele mpaka daktari akaja mbio akidhani kuna aliyekufa."

"Na jina?"

"Mwandikaji wa hospitali alipokuja, baba yako hakuwa ameandaa jina lolote, roho yake yote ilikuwa kwangu. Akainua macho, akaiona ile karatasi ukutani. Akasema, mwandikie hilo."

"Sasa mama, mbona miaka yote hii..."

"Ningeanzaje kukwambia kwamba mama yako alikukataa?"

Fundi aliikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni. "Hukunikataa. Uliumwa," akasema. "Ukapona. Basi."

Mama akajifunika uso kwa shati lililokuwa bado na joto la pasi, akalia. Alipotulia, alimweleza mwanawe kwamba wale wenzake watano hakuwatafuta tena. Alipomwona mmoja wao njiani, alivuka barabara. Aliona haya.

Kesho yake Fundi alirudi kwenye lile dirisha. Karani akamsikiliza mpaka mwisho, kalamu imemganda mkononi.

"Anuani za watu siruhusiwi kutoa," akasema. "Lakini hakuna sheria inayonizuia kusema nani kanishonea sketi hii. Mshono mzuri, eh? Fundi yuko nyuma ya soko, mlango wa bluu. Cheti chake alikichukua mwezi uliopita kwa mwenzangu wa dirisha la pili, na jina lake mimi sijakutajia."

Kumleta mama yake haikuwa kazi ndogo. Mara ya kwanza alisema kichwa kinamgonga. Mara ya pili alisema viatu vimembana. Jumamosi akajikaza, akafunga kitambaa kichwani, wakaenda.

Mshonaji alikuwa mtu mfupi, mwembamba, futi ya kupimia imezunguka shingo. Fundi alipomwambia, "Naitwa Zamu," jamaa alisimamisha cherehani na kumkazia macho.

"Nani kakutuma kuja kunicheka?"

Fundi akatoa kitambulisho. Mshonaji akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena. Kisha akaangua kicheko. "Kumbe wewe! Wewe ndiye lile bonge lililokuwa linanimalizia maziwa! Mama! Mama, njoo uone!"

Nyuma ya pazia alitoka mwanamke mwenye mvi, sindano na uzi mkononi, shati lisilo na vifungo begani. Hakumtazama Fundi hata kidogo. Alimtazama mama wa Fundi.

"Wewe wa kitanda cha dirishani," akasema.

Mama alianza kuomba radhi. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, sasa yakamtoka ovyo, kwamba hakurudi kushukuru, kwamba aliona haya, kwamba alivuka barabara. Yule mwanamke alichomeka sindano kwenye blauzi yake na kumshika mikono.

"Radhi ya nini, dada? Hujui? Hukuambiwa?" Akamwonyesha mshonaji. "Huyu alizaliwa hana nguvu hata ya kunyonya, analishwa kwa mrija. Maziwa ya mama yasiponyonywa yanakauka, na ya kwangu yalishaanza kukauka. Ndipo lilipoletwa hilo lako. Lilivuta jamani! Likayafanya yaje, yakawa yanabaki ya kuwakamulia na hawa wetu. Wote watano wametoka wodini wazima. Mimi nilikuwa naogopa kumpa wangu jina, nisije nikamzika nalo. Siku alipovuta mwenyewe ndipo nikampa la mwenzake. Jirani yangu wa kitandani naye akafanya hivyo. Wale watatu walikuwa na mabinti, wakaapa wakipata wavulana hawatawaita kingine."

Mama aliketi kwenye kiti cha wateja, juu ya kitambaa cha mtu, na hakuna aliyemwinua. Wanawake wale waliongea mpaka soko likaanza kufungwa. Mshonaji, kwa kukosa la kufanya, akampima Fundi shati.

Wiki tatu baadaye mke wa Fundi akajifungua salama, msichana mwenye sauti ya king'ora. Siku hiyo hiyo mama wa Fundi akahamia kwao na kikapu chake, na kabla hajamshika mjukuu, akafunga mlango akamweleza mkwewe yote yaliyompata, bila kuruka kitu. "Ukiona mambo yanakuzidi, sema," akamwambia. "Usione haya. Mimi najua."

Siku ya nne mkwe alisema. Alikuwa akilia tangu asubuhi na hakujua kwa nini. Mama akampeleka kwa muuguzi wa kliniki, aliyemsikiliza vizuri na kumtaka arudi baada ya siku mbili. Kisha mama akatuma ujumbe nyuma ya soko. Saa nane mama wa mshonaji akabisha hodi, akanawa mikono, akampokea mtoto. Mzazi akalala mchana mzima, usingizi wa fofofo.

Fundi Baridi alikaa mezani na kadi ya kliniki. Kwenye nafasi ya jina la baba akaandika herufi nne, kubwa, akapuliza wino ukauke, akaenda kumwandalia mgeni chai.