Mshale Akisimama

"Kama hajamla yeye, basi kuku wangu kapanda ndege!"

Mama Mayai alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, kilemba kimelegea na wala hana habari nacho. Ufugaji wake unalisha mtaa mzima mayai, na sauti yake inasikika mtaa huo huo.

"Wiki tatu, shoga! Wiki tatu kuku wangu kishungi haonekani, na wiki tatu hizo hizo mbwa wako anauvizia ukuta wangu."

"Angemla tungeona manyoya," nikasema. "Hata unyoya mmoja."

"Aliyekula godoro atashindwa na manyoya?"

Hapo alinipata. Godoro lilikuwa kweli, na habari zake nilizisambaza mwenyewe.

Mzee Funguo, mwenye nyumba wetu, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa kati yetu, rundo la funguo pajani. "Mmenichosha," akasema. "Mbwa aondoke leo, kabla giza halijaingia."

"Aende wapi, baba?"

Akaanza kuzihesabu funguo zake.

Mshale si mbwa wa kulinda geti. Alikuwa wa kaka yangu, aliyekuwa akiwaongoza wawindaji porini kabla hajahamishiwa kazi mahali ambako mbwa hawaruhusiwi. Alinikabidhi kamba mlangoni, macho yake anayaficha. "Huyu ni mbwa wa kuonyesha," akaniambia. "Akinusa ndege majanini, hamrukii. Anasimama, anamwelekezea pua. Mkimbize sana, dada. Na akisimama usimvute, ujue kuna kitu anakwambia."

Mimi ni msusi. Kazi yangu ni kukaa, kusuka na kupiga soga. Katika maneno yote yale nililoshika ni "mkimbize sana", maana ndilo lililonitoa jasho. Kila alfajiri tunatoka, yeye mbele mwembamba kama fimbo, madoadoa ya kahawia mwili mzima, mimi nyuma na mwili wangu huu. Mwezi wa kwanza watu walidhani nimeiba kitu. Tukirudi namkagua nyayo kama zina miiba, namfuta masikio yale marefu, na yeye ananitazama kama anayeuliza: haya, tunaanza saa ngapi? Siku ya mvua hatukutoka. Ndiyo siku ya godoro.

Lakini nyumba yangu ikampenda. Wateja waliosukwa nusu kichwa walimshikia kamba. Usiku alilala juu ya miguu yangu, na nilipomkumbuka kaka, nilikuwa na wa kumwambia.

Sasa katika kurusha mikono nikimjibu Mama Mayai, kamba ikanitoka. Mshale akachomoka, akazunguka tangi la maji, akaenda moja kwa moja kwenye mlango mbovu ulioegemezwa ukutani kwa Mama Mayai. Pale pale pa kila siku. Akasimama.

"Si mnaona wenyewe!" Mama Mayai akafoka. "Mtoe! Mtoe muuaji huyo!"

Nikamfuata nimvute, kama nilivyomvuta jana, na juzi, na wiki tatu nzima. Nikainama kuishika kamba, nikamtazama usoni. Mkono ukagoma.

Huyu ndiye asiyetulia hata nikimfunga ukanda wa shingo. Sasa mguu mmoja wa mbele ameukunja hewani, mkia umenyooka, kuanzia pua hadi ncha ya mkia ni mstari mmoja. Nzi akatua pembeni ya jicho lake, akatembea, akaruka. Mshale hakupepesa. Pua tu ndiyo iliyokuwa ikitetemeka. Nguvu zote zile zinazonikimbiza alfajiri alikuwa amezikusanya mahali pamoja, akazishikilia.

Mama Mayai alikuwa bado anatukana, lakini sauti ikawa inashuka yenyewe, ikashuka, ikakatika. Tukasikia bomba likidondosha matone.

"Anaumwa?" Mzee Funguo akanong'ona.

"Hapana, baba. Anatuonyesha."

Mzee akaweka funguo chini, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akaushika mlango ule, akauinua polepole.

Kishungi alikuwa ndani, kwenye majani makavu na vitambaa, ametandaza mbawa. Chini ya ubavu wake yai lilikuwa limepasuka, kidomo kinachungulia. Vifaranga wawili tayari walikuwa nje, wamelowa. Kuku akatukodolea macho, akanyoosha shingo, akamdonoa Mshale puani. Damu ikatoka tone moja.

Mshale hakusogea.

"Jamani," akasema Mama Mayai. Akachuchumaa. "Ndio maana punje zangu zinapungua nikienda sokoni. Alikuwa anatoka kula, anarudi." Akamgeukia mbwa. "Wiki tatu alikuwa ananiambia."

"Na mimi namvuta," nikasema.

Mzee Funguo akaushusha mlango taratibu, akaokota funguo zake. "Mambo ya kuondoka," akasema, "mimi sikusema kitu."

Nikamgusa Mshale bega. "Basi, baba. Tumeona." Mguu ukashuka, mkia ukaanza kucheza, akawa yule yule wangu, anaruka huku na huku.

Mama Mayai akafunga kilemba upya, akausukuma mlango wa nyumba yake mpaka mwisho. Harufu ya chakula ikatoka nje.

"Mnasimama nini hapo? Ingieni mle," akasema, akamwelekeza Mshale kidole. "Na yeye aingie. Yeye ndiye atangulie."