Mafungu Manne ya Majani

Kwa miaka thelathini na mmoja mama mmoja alikuwa akiulalamikia mti wa mkungu uliosimama katikati ya ua wake. Majani ya mkungu ni mapana kama sahani, na huu wake haukuwa na msimu wala aibu. Ulipukutisha wakati wa mvua, ukapukutisha wakati wa jua. Kila asubuhi aliyafagia, na kila jioni mtoto yeyote aliyepiga simu kumjulia hali alipewa habari hiyo kabla salamu hazijaisha.

"Mti huu utanizika," alisema. "Mgongo sina tena. Ungekatwa tu nikapumzika."

Mtaani walimwita Mama Fagio, naye aliitika.

Watoto wake walikuwa wanne, wote watu wazima, wote wamehama. Kifungua mimba, mwanamume, ndugu zake walimpa jina la Mwenyekiti, maana hata chai hakunywa bila kuitisha kikao. Wiki ile aliitisha kikao kwenye kundi la familia la simu, hoja ikiwa moja tu: mgongo wa mama. Wakakubaliana wamfurahishe, tena bila kumwambia.

Ndiyo maana Jumamosi saa moja asubuhi, mama akiwa ndiyo kwanza ameweka fagio chini, geti lilifunguliwa, Mwenyekiti akaingia anacheka mpaka jino la mwisho. Nyuma yake walikuja watu wawili wenye kofia ngumu: mwanamume wa makamo aliyeshika nyundo ya mpira, na dada mmoja aliyejizungushia kamba begani.

"Shikamoo, mama. Leo umepumzika!"

"Marahaba. Nimepumzika na nini?"

"Na mti. Hawa ni mafundi wa miti, hawana kazi nyingine. Ikifika saa sita hutauona tena."

Mama aliusogelea mti. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kufagia kule ndiko kulikokuwa kuomba kwake. Alikwisha kujaribu kuomba chumbani, akasinzia. Alijaribu kupiga magoti, magoti yakagoma. Lakini fagio likiwa mkononi na majani yakichakacha, maneno yalikuja yenyewe, na Mungu alikuwa karibu kama mtu aliyekaa kibarazani. Mti ukiondoka, kesho asubuhi angesimama wapi?

Na angesemaje? Kalalamika miaka yote hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Akigeuza maneno leo, Mwenyekiti atalipeleka suala kwenye kikao, na watamcheka mpaka wajukuu.

"Lakini nimeanika nguo," alisema.

Dada wa kamba alikuwa ameshazianua, kazikunja, kaziweka kibarazani. "Tayari, mama."

"Na jirani yangu kichwa kinamuuma. Kelele za misumeno hataziweza."

Kichwa cha jirani kikachomoza juu ya ukuta. "Nani, mimi? Mimi buheri wa afya, Mama Fagio! Kateni tu, hata kwangu majani yanajaa!"

Mama alimtupia jicho lililomrudisha chini mara moja.

Ajabu ni kwamba fundi alikuwa bado hajautazama mti. Alizunguka kichwa chini, akipekua udongo kwa ncha ya kiatu, akipapasa mizizi. Aligonga shina kwa nyundo, akatega sikio, akasogea hatua moja, akagonga tena.

"Mimi huanzia chini," alimwambia Mwenyekiti, ambaye tayari alikuwa anatazama saa. "Mti ukiumwa juu, mara nyingi habari zake naziona huku."

Kisha akasimama kando ya ukuta. Palikuwa na majani yaliyofagiwa asubuhi ile, mafungu manne, yamepangwa mstari.

"Nani anafagia hapa?"

"Mimi," alisema mama.

"Ua mmoja, pipa moja, mafungu manne. Kwa nini?"

"Mama anapenda utaratibu," Mwenyekiti alidakia.

"Nimemuuliza mama. Na nikuambie kabisa, bwana mkubwa: mti huu ni mzima. Tawi moja tu limekufa, lile lililoelekea paa la jiko. Hilo lazima lishuke kabla halijajishusha lenyewe. Mengine, mimi siangushi mti mzima mpaka mwenye ua atamke mwenyewe."

Wote wakamgeukia mama. Kichwa cha jirani kilirudi juu ya ukuta polepole.

Neno "kata" lilikuwa jepesi. Angelisema na heshima yake ingebaki. Mama alitazama mafungu yake. Mungu wangu, alisema moyoni, nipe ulimi.

"Ni watoto," alisema kwa sauti ndogo. "Kila fungu ni mtoto mmoja. Nikifagia ninawaombea. Nikimaliza wa kwanza, naenda kwa wa pili. Mti ukiondoka sijui nitawaombea wapi."

Mwenyekiti aliinama kuyatazama mafungu. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na ajenda.

"Langu ni lipi?" aliuliza.

"Hilo kubwa."

"Mbona kubwa kuliko yote?"

"Mwanangu, una mambo mengi."

Dada wa kamba aliangua kicheko mpaka kofia ikamshuka machoni. Jirani naye akacheka, na mwishowe Mwenyekiti mwenyewe, huku akijifuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Sasa mama, na malalamiko yote yale?"

"Yale yalikuwa mazungumzo! Nani alikutuma uyafanyie kazi?"

Kwa hiyo kazi ikawa nyingine. Dada alipanda kwa kamba zake, mwepesi kama anapanda ngazi za nyumbani, akalifunga tawi lililokufa, akalikata vipande vipande, na fundi akavishusha kimoja kimoja bila kugusa paa. Wakapunguza na matawi yaliyosongamana, mwanga ukaingia jikoni. Majani yalijaa ua mzima. Fundi alipotaka kuyazoa, maana hawaachi uchafu kwa mteja, Mwenyekiti alimzuia. Alivua saa, akashika fagio.

Alifagia vibaya sana, kama mtu anayefukuza kuku. Mama aliuma mdomo asiseme. Mwanawe alikusanya fungu moja, la tano, akalisogeza mwisho wa mstari.

"Hili lako," alisema, kisha akasimama ameduwaa. "Unaanzaje, mama?"

"Anza na asante. Mengine yatafuata."

Jumatatu jioni binti yake alipiga simu kumjulia hali.

"Hali gani na majani haya?" mama alisema. "Leo yamemwagika maradufu. Mti huu utanizika!"

"Pole, mama. Tumwite fundi?"

"Thubutu!"