Talaka Moja, Karatasi Tatu

Kondo alikuwa mume wangu, na kama kuna adhabu inayolipwa hapa hapa duniani, basi mie yangu nimeshailipa. Alikuwa karani kwenye ofisi ya Wazungu kule bandarini: suruali nyeupe, kalamu mbili mfukoni, moja haina hata wino. Kazi yake kupiga taipu barua zilizotungwa na wenziwe. Lakini akirudi Kinondoni jioni, lo! Utadhani Mzungu ndiye karani wake. Hata akinituma samaki aliniandikia, akaweka karatasi ya kaboni chini, nakala ibaki kwake. "Neno lisilo nakala ni porojo," anasema, na mie hata kusoma sijui. Mfyuu.

Asubuhi akienda kazini ananifungia kwa kufuli, kwa nje. Si kwamba nilishatoroka, hata siku moja. Alipenda tu kujua kuwa ufunguo uko mfukoni mwake. Nikamuuliza, moto ukiwaka je? Akasema hautawaka. Hata moto alikuwa akiupa amri.

Maulidi yalipokaribia akaoa bibi mwingine Tandale, na mara akapata safari ya kazi Lindi. Mie akanipeleka Temeke kwa baba yangu mdogo, mzee Mwinjuma, kama mtu anayewekesha baiskeli. Miezi yote ile sikumtia machoni. Aliporudi, Mfungo Tisa, mwezi wa tatu tangu ule wa Maulidi, hakuja yeye, zilikuja karatasi: moja kwangu, moja kwa baba mdogo, moja kwa imamu wa mtaa. Zote za taipu, zote sawasawa, na kila moja ameitia saini yake ile yenye mikia. Baba mdogo akanisomea: nimemwacha mke wangu Mwanaheri talaka moja. Wallahi nilipiga kigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Furaha yangu haikufika mbali. Yule bibi wa Tandale alimkimbia, mwanamke mwenye akili zake, na mwezi uliofuata, wa Rajabu, bwana Kondo akatokea Temeke na mashahidi wawili kutangaza kuwa amenirejea. Anayejua dini anajua: talaka ikiwa moja, mume anakurejea ndani ya eda, upende usipende. Na eda yangu, yaani kutoharika mara tatu baada ya hedhi, tukihesabu tangu karatasi zilipofika, ilikuwa bado. Nikaliona lile kufuli. Nikamwambia baba mdogo, kama ni kurudi kwa yule mtu, heri nizikwe.

"Hakuna wa kukuzika," akasema. "Karatasi ngapi? Tatu. Saini ngapi? Tatu. Basi kakuacha tatu, na tatu harejei mtu. Twende kwa kadhi."

Kondo alikuja barazani na faili chini ya kwapa. Alimwamkia kadhi kwa kirefu, akatuamkia sisi kwa kidevu. Baba mdogo akatandaza karatasi zote tatu mkekani, akasema yake. Kadhi akazitazama, akamgeukia Kondo. "Unasemaje? Saini ni zako?"

"Ni zangu, sheikh. Lakini mzee huyu hajui mambo ya ofisi, tumsamehe. Hizi ni nakala. Nakala tatu za neno moja ni neno moja. Adhana ikisikika Temeke na ikasikika Mtoni, huwa adhana mbili?"

Kadhi akatikisa kichwa kukubali. Ni kweli, hata mie niliona ni kweli, na niliichukia kweli ile kwa sababu ilikuwa kinywani mwake.

Angenyamaza pale, ningerudi naye Kinondoni jioni ile ile. Lakini mdomo uliponza kichwa. Kondo kumshinda mtu hakumtoshi, sharti amfundishe.

"Na zaidi ya hapo," akasema, "nakala peke yake haina nguvu. Ni kivuli tu. Chenye nguvu ni asili, na asili ninayo mimi." Akafungua faili, akatoa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, wino wa buluu, mwandiko wa kujiremba. Ofisini kwao barua yenyewe ndiyo hutoka na nakala hubaki, kila mtu anajua. Yeye kwa kuupenda mwandiko wake hakutaka ushikwe na mikono ya watu wa Temeke.

Kadhi akaisoma polepole. "Hapa pana tarehe ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi."

"Naam. Niliiandika kabla ya kwenda Lindi. Nakala nilizipiga taipu niliporudi."

"Siku ulipoiandika, ulinuia kumwacha, au ulikuwa unajaribu kalamu?"

Kondo akaona ametukanwa. "Sheikh, mie sijaribu kalamu! Nikiandika nimenuia. Niko tayari kuapa."

Akaapishwa, akaapa kwa sauti ya kutamba.

Kadhi akanigeukia. "Mwanangu, tangu Maulidi umetoharika mara ngapi? Sema kweli, Mungu anakusikia."

Niliona haya, wanaume wamejaa baraza. Nikasema, "Mara tatu zilishapita, sheikh, kabla ya Rajabu kuandama."

"Basi eda yake ilikwisha kabla hujaja kumrejea," kadhi akamwambia Kondo. "Ulimrejea mwanamke asiye mkeo."

Ungemwona! Jasho likamtoka, faili likamponyoka. "Lakini hakuwa na habari! Habari kaipata Mfungo Tisa!"

"Talaka haimngoji mwanamke asome."

"Basi zitazamwe nakala, sheikh! Tarehe ya nakala ni ya Mfungo Tisa, tazama, na saini yangu ipo, zina nguvu kabisa hizi!"

"Umeshasema ni kivuli," kadhi akasema. "Ukimtaka, mpose kama wanaume wengine. Mwenyewe huyo hapo."

Na akanigeukia kweli, mjinga yule, mbele ya watu wote. "Mwanaheri, unasemaje?"

"Sikutaki, Kondo," nikasema. "Sikutaki hata ukiwa mwanamume wa mwisho pwani hii."

Tulirudi kwa miguu. Baba mdogo alicheka njia nzima, anamsimulia kila tunayekutana naye. Mie nilifuata nyuma. Nilikuwa nawaza Rajabu yote ile: mlango ukigongwa nakimbilia uani, nikisikia sauti ya mwanamume barabarani nazima taa. Na siku zote hizo sikuwa mke wa mtu. Nilikuwa huru, na uhuru wangu umelala ndani ya faili la mpumbavu ambaye hata yeye hakujua kuwa anao. Nikakaa chini kando ya njia, nikalia kwa hasira, mpaka baba mdogo akaacha kucheka.