Mpapai Dume

Nilirudi kutoka kitaluni nikaukuta mpapai wangu dume uko chini, umekatwa kwa panga, maua yametapakaa kwenye matope. Mama mkwe ameketi barazani, roho yake kwatu. Alisema mti ulikuwa unachanua tu bila kuzaa, unakula mbolea ya bure.

Nilichemka. Kazi yangu ni kuuza miche, na kila mteja namweleza: maua ya mpapai jike yamebana kwenye shina, ya dume yananing'inia kwa vikonyo virefu. Dume halizai, lakini ndilo lenye chavua, ule unga unaoyazalisha majike. Nilimwambia mama mkwe hayo hayo. Akanijibu nisimfanye mtoto, amekula mapapai kabla sijazaliwa.

Msimu ulipofika, mipapai jike mitatu nyuma ya jiko ilichanua, maua yakapukutika yote. Mama mkwe akatuita sebuleni, mimi na mume wangu. Alianza na mipapai: ni tasa, ikatwe. Kisha, bila hata kupepesa macho, akanigeukia mimi. Ndoa imekuwa ya miaka, nyumba haina mtoto, basi mwanawe aoe mwingine.

Mume wangu akainama kuangalia vidole vyake vya miguu. Huyu huyu ambaye kila nikimwomba twende hospitali pamoja hunijibu kwamba hana ugonjwa. Mimi nimetobolewa sindano hadi nimechoka, na kila daktari ameniambia sina kasoro, nimlete mwenzangu. Na bado nikae kimya nifukuzwe kwenye nyumba niliyoijenga naye?

Nilikwenda jikoni, nikachukua panga lile lile, nikaliweka mezani mbele ya mama mkwe.

"Kata, mama. Maliza yote mitatu. Lakini haina kosa, dume lake ulilikata wewe. Na mimi unanikata kabla mwanao hajapimwa hata mara moja."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akingoja akanushe. Mwanawe akairudisha miguu chini ya kiti.

"Uliniambia ulipimwa," mama mkwe alisema polepole. "Uliniambia wewe ni mzima, tatizo ni yeye."

Sikuwa najua hilo. Nilishika ukingo wa meza nisije nikamrukia.

Mama mkwe alilisukuma panga kando, akainuka kutafuta viatu vyake.

"Vaa shati," alimwambia mwanawe. "Hospitali haijafungwa."