Watu Kumi na Mmoja Nje ya Wigo

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Severa Mmuya alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne ya jengo moja la Mtaa wa Tandamti, Kariakoo, akafungua dirisha na kuwasha kompyuta. Alikuwa amefika mstari wa kumi na nne wa jedwali la vihatarishi.

Kampuni yao ilikuwa na watu watano. Ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kugawa vizimba katika soko jipya la ghorofa, lililokuwa likimaliziwa mitaa miwili kutoka hapo. Mfanyabiashara angeweka kidole kwenye kifaa, mfumo ungemtambua, na kizimba kingekuwa chake. Lakini kabla ya programu yenyewe ilibidi uandikwe mpango: nini kitafanyika, nini hakitafanyika, nini kinaweza kwenda kombo, na kikienda kombo nani ataumia. Kazi hiyo ilikuwa ya Severa.

Wiki iliyotangulia mwenzake Kitwana, mwandika programu, alizunguka na kifaa cha majaribio kwa wafanyabiashara mia tatu wa mitaa ile. Watu kumi na mmoja vidole vyao havikusomeka. Mzee Abdulswamad, aliyekuwa akiuza nazi na kuzikuna mwenyewe, viganja vyake vilikuwa laini kama sahani. Wawili walikuwa wapika sabuni. Mwingine alikuwa Bi Zamda, ambaye kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akimenya vitunguu saumu vya kuuza mahotelini, pale pale chini ya dirisha la ofisi. Kitwana alimfuta kidole kwa kitambaa mara tisa, na mara tisa kifaa kiliandika: hakuna mtu.

Kwa hiyo kwenye mstari wa kumi na nne Severa aliandika kwamba wasiosomeka vidole watambuliwe kwa jina, picha na mashahidi wawili wanaofanya nao biashara. Muda wa kuongeza kipengele hicho: wiki tatu.

Mkurugenzi, Bwana Ansbert, alisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Wiki tatu hatuna," alisema. "Mteja ameshatangaza siku ya ufunguzi. Wapeleke awamu ya pili."

"Awamu ya pili ina tarehe?"

"Severa, andika tu wako nje ya wigo wa mradi."

Akaandika. Ilikuwa saa nne kamili.

Alipoteremka kununua chapati alimkuta Bi Zamda yuko hewani, kimo cha kiberiti. Alikuwa amekaa mkao wake wa siku zote, sinia la vitunguu mapajani, ila kigoda kilikuwa chini yake na hakikumgusa.

"Shikamoo, Bi Zamda."

"Marahaba, mwanangu. Unaniona nilivyopanda?"

"Kidogo."

"Tangu saa nne. Mzee Abdulswamad naye hivyo hivyo. Hebu nipe hilo jiwe la mizani niliweke mapajani."

Jiwe la kilo mbili halikusaidia. Severa alirudi juu na kumweleza Bwana Ansbert. Bwana Ansbert alichungulia dirishani, akakubali kwamba kweli wamepanda, akauliza kama ratiba iko tayari.

Hadi adhuhuri mtaa ulikuwa umeshazoea. Muuza kamba wa kona aliwafunga wote kumi na mmoja kwenye nguzo za vibanda vyao. Mnunuzi aliyetaka saumu alinyoosha mkono. Mgambo wawili walipita, wakajadiliana kama mtu asiyekanyaga barabara anaweza kushtakiwa kwa kuuza barabarani, wakaenda zao. Jioni mkwe wa Bi Zamda, aitwaye Safari, alikuja kumchukua. Walienda kwa miguu hadi Buguruni, yeye mbele ameshika kamba, mama mkwe nyuma akimwambia pole pole.

Kila toleo jipya la mpango liliwapandisha wote kumi na mmoja. Mteja alipoomba maelezo ya mashahidi yaondolewe kabisa, walifika usawa wa goti. Walipofutwa kwenye orodha ya wadau, walifika kimo cha mlango, na wanunuzi wakaanza kutumia vikapu vya kamba. Severa ndiye aliyekuwa akifuta, kwa sababu faili lilikuwa lake. Alikuwa akinunua chapati na kuirudisha ofisini ikiwa imefungwa kwenye gazeti vile vile. Usiku alikuwa akihesabu matoleo yaliyobaki.

Kilichomtisha zaidi ni nyaya za umeme. Zilipita juu ya barabara, usawa wa ghorofa ya pili, zimelegea na kusukana kama nyuzi za mkeka uliofumuka. Kitwana alipima kwa mti wa dekio.

"Imebaki mita tatu," alisema. "Na hawa wanavaa kanga na kanzu, vitu vya kupeperuka."

Jumatano mchana Bwana Ansbert alienda Posta kuonana na mteja. Severa alifunga mlango, akaurudisha mstari wa kumi na nne ndani ya wigo, neno kwa neno kama ulivyokuwa, akahifadhi. Kisha akashuka ngazi mbio. Wote walikuwa chini. Mzee Abdulswamad alikuwa ameshapanda mbuzi yake, anakuna nazi kwa kasi kama mtu aliyechelewa. Bi Zamda alikuwa amevua kandambili, amesimama kwenye lami ya moto.

"Kaa basi, Bi Zamda, miguu itaungua."

"Acha nisimame kwanza. Kukaa nitakaa."

Alisimama hivyo saa mbili nzima. Saa kumi Bwana Ansbert alirudi, shati limemganda mgongoni, akaketi kwenye kiti cha Severa bila kumwomba.

"Amesema siku ya ufunguzi haisogei, na kama hatuwezi atatafuta wengine. Hapa tuko watano. Mke wa Kitwana anajifungua mwezi huu. Niambie, nimjibu nini?"

Bwana Ansbert alisubiri, na ilionekana kweli alikuwa akisubiri. Kisha akaufuta mstari yeye mwenyewe. Nje kamba zilisikika zikikaza moja baada ya nyingine. Mara hii hawakusimama kwenye kimo cha mlango. Walipokoma, kati ya kichwa cha Bi Zamda na waya wa kwanza palikuwa na nafasi ya dhiraa moja.

Kilichobaki kwenye mpango kuwahusu kilikuwa ukurasa wa maadili. Severa alikuwa ameuandika kwa siku nne: nani ataumia, ataumia vipi, na nani atakayewajibika. Mteja alitaka ufupishwe uwe aya moja, upelekwe Ijumaa asubuhi.

Alhamisi Severa na Kitwana walikaa na penseli na karatasi, wakilinganisha kila kilichofutwa na kimo kilichofuata.

"Ukibakiza aya moja," Kitwana alisema, "watasimama katikati ya nyaya."

"Nikiufuta wote?"

Kitwana alihesabu tena. "Watapita. Watakuwa hapa dirishani."

Severa alienda dirishani, akainama.

"Bi Zamda! Waambie wenzako wafunge nguo vizuri. Mikono ndani. Na kamba zilegezwe."

"Kuna nini tena?"

"Nataka kuwapitisha juu ya waya."

Bi Zamda alimtazama. "Kutushusha haiwezekani?"

"Haijawezekana."

Bi Zamda alifikiri kidogo, akajifunga kanga kibwebwe, akawapigia wenzake kelele mtaa mzima. Wapika sabuni walikumbatiana. Muuza kamba aliachia mafungu yote aliyokuwa nayo. Severa alirudi kwenye kompyuta, akauchagua ukurasa mzima, kuanzia kichwa chake hadi nukta ya mwisho. Akafuta.

Walipita. Kofia ya Mzee Abdulswamad ilinasa kwenye waya na kuungua, yeye hakuguswa. Walikuja kutulia nje ya dirisha la ghorofa ya nne, wote kumi na mmoja, wakihema. Severa alikaa sakafuni, akalia kwa muda, kisha akainuka na kurekebisha namba za kurasa kwenye orodha ya yaliyomo.

Ijumaa saa tatu alifika Mhandisi Onesphory, mwakilishi wa mteja, yaani kampuni ambayo ingeendesha soko jipya. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Alipanda ngazi kwa kupumzika kila ghorofa, akasalimia kila mtu, akaomba dirisha lifunguliwe kwa ajili ya joto. Alisoma mpango wote, hakuruka ukurasa.

"Umeandikwa vizuri," alisema. "Hauna maneno mengi."

Alipogeuka kutafuta upepo, alimwona Bi Zamda.

"Mama, saumu hiyo ni ya wapi?"

"Ya Mbulu, baba. Kavu kabisa."

"Nifungie mafungu mawili. Mke wangu aliniagiza."

Bi Zamda alifunga. Mhandisi alipokea kupitia nondo za dirisha, akalipa, akanusa mfuko, akaridhika.

"Baba," Bi Zamda alisema, "sisi wa huku juu mmetupangia lini?"

"Mko awamu ya pili, mama. Msiwe na wasiwasi."

Akaweka mfuko wa saumu pembeni, akatia sahihi kila ukurasa.

Soko lilifunguliwa siku ile ile iliyotangazwa. Vidole mia mbili themanini na tisa vilisomeka, na kwenye taarifa ya kufunga mradi, chini ya "vihatarishi vilivyotokea", mteja aliandika: hakuna. Mtoto wa Kitwana alizaliwa, wa kike. Barabara ilisafishwa, nguzo za vibanda zikang'olewa, na wale kumi na mmoja wakahamishia kamba zao kwenye nondo za dirisha la ofisi.

Mwezi wa nne tangu ufunguzi, Bwana Ansbert alimwambia Severa aanze kuandika awamu ya pili, pole pole, wakati wa nafasi, kwa kuwa mteja bado hajasema neno. Severa alifungua ukurasa mpya.

"Umefika wapi?" Bi Zamda aliuliza kutoka nje.

"Kichwa cha habari."

"Haya mwanangu, endelea. Sisi tupo."

Wingu zito lilikuwa likija kutoka upande wa Jangwani. Matone ya kwanza yalipoanza, Severa alichukua mwavuli wa ofisi, ambao ulikuwa mmoja, akampitishia Bi Zamda kati ya nondo. Kisha akafunga dirisha, kwa sababu kompyuta zilikuwa karibu.